Kurudi kwenye nguzo baada ya kuvunjika kifundo cha mkono

Siku utakayorudi kwenye nguzo, lile bomba la chuma lililosimama wima ambalo wachezaji hulipanda na kulizunguka kwa mazoezi na dansi, mkono uliovunjika uweke juu. Wengi hufanya kinyume. Wanaona mkono wa juu ndio unaobeba mwili, basi ule unaouma wanaushusha usawa wa kiuno ukasaidiesaidie. Kumbe mkono wa juu unavutwa tu, na kifundo kilichounga huvumilia kuvutwa mapema. Mkono wa chini ndio unaoisukuma nguzo huku kifundo kimepindia pembeni, na mwili ukianza kuzunguka, uzito wote unakisokota. Kazi hiyo ni nzito kuliko zote, na ndiyo wanayoupa mkono mgonjwa kwa kuuhurumia.

Kwa hiyo mpango mzima unakwenda kwa zamu tatu: kuvuta kwanza, kusukuma baadaye, kusokota mwisho. Wiki zote hapa zinahesabiwa tangu siku ya kuvunjika, si tangu siku ya kutoa hogo, ile plasta ngumu.

Jua kwanza ni mfupa gani

"Nilivunjika mkono" haitoshi. Muulize daktari mambo matatu: ni mfupa upi, kama picha ya eksirei ya mwisho inaonyesha umeunga, na kama kuna chuma ndani. Mara nyingi unaovunjika ni mfupa mkubwa wa kigasha, upande wa gumba, karibu kabisa na kifundo. Ndio unaopokea kishindo mtu anapoanguka akatanguliza kiganja. Huo kwa kawaida hukaa kwenye hogo kama wiki 6.

Wa kuogopa ni kijifupa kidogo kinachoitwa skafoidi, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mtumbwi, kwa umbo lake. Inua kidole gumba kama mtu anayeomba lifti: kati ya mishipa miwili inayotuna kutatokea kishimo. Bonyeza hapo. Kama panauma, usikubali kuambiwa ni mteguko tu kwa sababu picha ya kwanza haikuonyesha kitu. Ufa wa skafoidi mara nyingi hauonekani siku za mwanzo, na picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Damu yake huingilia upande wa vidole, hivyo ikikatika katikati, kipande cha upande wa kigasha hukosa damu, kinaweza kufa, au kuchukua wiki 12 na zaidi kuunga. Mwenye skafoidi asifuate tarehe za mwenzake mwenye mfupa wa kigasha hata kidogo.

Kwa wa Kigoma mjini na Ujiji, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ndiyo ya karibu. Anayetoka Kibondo, Kakonko au Buhigwe apange safari ya picha ya marudio tangu siku ya kwanza, maana wengi huikosa kwa nauli, si kwa kupuuza. Na wazee nyumbani wakisema mkono uchuliwe kwa mafuta ya moto na kuvutwa "unyooke", wajibu kwa heshima zote kwamba utasubiri. Mfupa ambao haujaunga ukivutwa unahama, na kilichohama huunga kikiwa kimepinda.

Hogo likiwa bado lipo

Vidole havina likizo. Kila saa ukiwa macho vikunje vyote viguse kiganja, kisha vinyooshe kabisa, mara 10. Inua mkono juu ya kichwa mara 10, kunja na kunyoosha kiwiko mara 10. Ukiacha, hogo litatoka na bega gumu, na bega gumu humsumbua mcheza nguzo kuliko kifundo chenyewe. Miguu na tumbo vifanyishe kazi chini: kuchuchumaa, kulala chali na kuinua miguu. Kupanda nguzo kwa mkono mmoja hapana, ukiteleza utaangukia ule wenye hogo.

Chakula nacho kimo. Dagaa wanaoliwa na miba yao wana kalsiamu na protini, na Kigoma tunao. Sigara huchelewesha mfupa kuunga, iache walau miezi hii.

Hogo likitoka

Mkono utakaouona ni mwembamba, ngozi inabanduka, na hautaki kupinda. Usitishike. Weka maji ya vuguvugu kwenye beseni, tumbukiza mkono dakika 5 hadi 10, kisha fanya haya mara 10 kila moja, mara 3 au 4 kwa siku. Kunja kifundo mbele na nyuma. Kipeleke upande wa gumba, kisha upande wa kidole cha mwisho. Halafu bana kiwiko ubavuni na ugeuze kiganja juu, kama unapokea chenji, kisha chini. Huku kugeuza ndiko kunakochelewa kurudi, na watu wengi hudanganya kwa kuinua bega bila kujua. Shika mwiko wa ugali karibu na ncha ya mpini wakati wa kugeuza: uzito wake unauvuta mkono taratibu uende mbele kidogo kila siku. Maumivu ya kuvutika yanayoisha ndani ya dakika chache ni sawa. Maumivu yanayobaki mpaka kesho yake, au uvimbe mpya, maana yake jana ulizidisha. Punguza nusu.

Ukiruhusiwa kuanza nguvu, mara nyingi kati ya wiki ya 8 na ya 10, jaza ndoo ya lita 10 mchanga mkavu mpaka nusu, zamisha mkono, kisha fumba na kufumbua vidole dakika 2. Mchanga wa ufukwe wa Kibirizi uchekeche kwanza, una miba ya samaki na hata ndoana. Chupa ya maji ya nusu lita ni kilo nusu: laza kigasha mezani, kiganja kining'inie ukingoni, inua mara 12, seti 3, kiganja kikiwa juu, kisha kikiwa chini. Baada ya wiki moja bila uvimbe, nenda chupa ya lita moja. Malizia kwa kukamua taulo lililoloa, pande zote mbili, kwa sababu kukamua ndiko kunakofanana zaidi na kushika nguzo.

Mizani ndiyo itakayokujibu

Hisia hazitoshi. Chukua mizani ya kupimia uzito wa mwili, iweke mezani, kiwiko kimenyooka, sukuma kwa kiganja. Anza na kilo 5 kwa sekunde 10. Ongeza kilo 2 hadi 3 kwa wiki. Sisi hatumruhusu mtu kusukuma nguzo kwa mkono wa chini mpaka afikishe nusu ya uzito wake bila maumivu, mara 3 mfululizo. Mwenye kilo 60 anahitaji kilo 30. Hapo mizani iko sakafuni nawe umepiga magoti, mezani huwezi kuzifikisha vizuri.

Kwa kushika, beba dumu la maji la lita 10 kwa mkono mzima, hesabu sekunde mpaka vidole vianze kufunguka, pumzika, rudia kwa mkono mgonjwa. Ukifika tisa ya kumi ya muda wa mkono mzima, umeshika vya kutosha kuning'inia.

Kwenye nguzo yenyewe

Kwa kawaida ni kuanzia wiki ya 12, mfupa ukiwa umeunga kwenye picha. Nguzo ya mashindano ya kimataifa ina kipenyo cha milimita 45. Wanaojifungia nyumbani kwa bomba la maji la chuma wajue kwamba bomba la inchi moja na robo lina milimita 42.4 kwa nje, na la inchi moja na nusu lina 48.3. Mkono uliopungua nguvu unapenda jembamba, lakini kama vidole bado havifungi hadi mwisho, nene litakujaza kiganja vizuri zaidi. Chini weka godoro la inchi 6 au 8, na nguzo iwe isiyozunguka.

Sasa usafi, na hapa Kigoma ndipo pa kuangalia. Mawese tunayapika, na wengine huyapaka kwenye ngozi iliyokauka baada ya hogo. Yanalainisha kweli, ila ngozi iliyonyonya mafuta asubuhi itateleza jioni hata ukinawa. Paka usiku tu, na siku ya nguzo usipake kabisa. Futa bomba kwa spiriti kila baada ya zamu, kwa sababu miezi ya mvua jasho halikauki. Chaki ya ubaoni si chaki ya mazoezi, itakutelezesha.

Wiki mbili za kwanza, mikono yote miwili juu ya kichwa, karibukaribu, uliovunjika ukiwa juu. Miguu ibaki chini. Kaa nyuma polepole hadi mikono ibebe nusu ya uzito, sekunde 5, mara 5, siku tatu kwa wiki. Kisha nyanyua miguu: sekunde 3, baadaye 5, baadaye 10. Ukifika 10, anza kupanda. Kupanda ni kazi ya miguu kubana na mikono kuvuta, kwa hiyo ni salama kuliko mizunguko mingi inayoonekana rahisi. Mizunguko ianze ile ya mikono yote miwili juu, polepole. Kupindua mwili kichwa chini kuje baada ya hapo, na nguzo ibanwe kwapani badala ya mkono wa chini kusukuma. Kifunga kifundo cha mpira vaa ukitaka, lakini usikitumie kama ruhusa: kinapunguza uoga, hakiongezi nguvu ya mfupa.

Acha na urudi hospitali ukiona kidole gumba hakiinuki kiganja kikiwa kimelala mezani. Mshipa unaokiinua (si wa damu) unaweza kukatika wiki kadhaa baada ya kuvunjika, hata pale ambapo mfupa haukuhama. Vivyo hivyo ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati inayokuamsha usiku. Au mkono unaowaka, unaovimba na kubadilika rangi bila kazi yoyote. Maumivu upande wa kidole cha mwisho wakati wa kufungua kitasa au kukamua nguo yanaonyesha kano za upande huo hazijapona, na kusokota kwenye nguzo ndiko huziumiza tena. Mwenye chuma asikilize pia mkwaruzo au maumivu anapokunja gumba.

Mkono wa chini unaosukuma tunauacha mpaka mwezi wa tano au wa sita tangu kuvunjika, mizani ikiwa imesharidhika. Siku ya kwanza weka kidole cha shahada kikielekeza chini kwenye nguzo, kiwiko kimenyooka lakini hakijafungwa, miguu sakafuni, na usukume kana kwamba unaisogeza nguzo mbali nawe. Sekunde 5, mara 3, basi. Usirudie kesho. Ngoja asubuhi mbili, ukunje kifundo kabla hujashuka kitandani, na kama hakijakaza kuliko kawaida, fanya mara 4.