Namna ya Kuwafundisha Vijana Historia ya Mashujaa wa Katuni Katika Filamu

Kijana wa mitaa ya Kondele au Nyalenda anaweza kukutajia mashujaa wote wa filamu kwa majina, mavazi na silaha zao, ilhali hajapata kumwona hata mmoja wao mahali alipozaliwa, yaani kwenye karatasi. Mwongozo huu ni wa mwalimu, mzazi au kiongozi wa vijana anayetaka kutumia Jumamosi nne kuwaonyesha jinsi mashujaa hao walivyotoka kwenye majarida ya katuni na kufika kwenye sinema. Nimeifanya kazi hii mara kadhaa hapa Kisumu, na nimeshawishika kwamba njia bora ni kuifuata historia yote kwa swali moja tu: waliotengeneza filamu walifanyaje ili mtu apae angani?

Utahitaji projekta, shuka jeupe lisilo na mikunjo, spika, na chumba kinachoweza kutiwa giza kwa blanketi madirishani. Panga vipindi vyako asubuhi. Hapa kwetu mvua hupenda kunyesha alasiri, na inapoanza kupiga mabati hakuna spika itakayosikika. Niliwahi kukatisha kipindi kizuri kwa sababu hiyo, vijana wakatawanyika kabla hatujafika tulikokuwa tukienda. Usionyeshe filamu nzima, bali vipande vifupi, na kila kipande kirudiwe mara mbili au tatu. Kumbuka pia kwamba kuonyesha filamu hadharani kunahitaji idhini ya mwenye haki, na kwamba Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya huzipanga filamu katika madaraja ya GE (watu wote), PG (watoto kwa mwongozo wa mzazi), 16 na 18 (umri wa mtazamaji), hivyo hakikisha daraja linawafaa watoto ulio nao.

Jumamosi ya kwanza usiwashe projekta kabisa. Anza na Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe lisilopenywa na mkuki, mpaka siri yake ikafichuka kwamba uhai wake ulikuwa kwenye kivuli. Mwombe mzee mmoja aisimulie, kisha umwombe kijana mmoja aisimulie upya, na vijana wataje wenyewe kilichobadilika. Ndipo uwaonyeshe kurasa za Superman, aliyebuniwa na vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1938. Kiswahili chetu kina neno moja, kuruka, kwa mtu anayechupa na kwa ndege aliye angani, na hapo utapata somo zuri, kwa maana Superman wa mwaka ule wa kwanza alikuwa akichupa tu. Kupaa kulikuja baadaye. Hata jiwe la kryptonite linalomdhoofisha, ambalo vijana wengi hudhani lilikuwepo tangu mwanzo, lilianza kusikika katika mchezo wake wa redio mwaka 1943. Shujaa aliyepita kwenye karatasi, redio na filamu hubadilika njiani kama Lwanda anavyobadilika mdomoni mwa kila msimulizi, na kijana akilielewa hilo mapema hatapoteza muda kubishana ni toleo gani la kweli.

Jumamosi ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nakusihi usiifanye kwa haraka. Onyesha kipande cha filamu ya mfululizo ya Captain Marvel (shujaa ambaye leo huitwa Shazam, si wa kampuni ya Marvel) ya mwaka 1941, iliyotolewa na kampuni ya Republic katika sehemu 12, ambayo ndiyo ya kwanza kumtoa shujaa wa aina hii kwenye jarida na kumleta kwenye sinema akiigizwa na mtu halisi. Republic ilikuwa imemtaka Superman ikamkosa. Anayeonekana akikatiza angani si mwigizaji Tom Tyler, bali ni sanamu nyepesi iliyovalishwa mavazi yake na kuteleza juu ya waya zilizofungwa kwa mteremko, kazi ya mafundi wawili ndugu, Howard na Theodore Lydecker. Kisha hukatwa picha, na mwanasarakasi David Sharpe anaonekana akiruka kutoka mahali pa juu, na jicho letu lenyewe huunganisha vipande hivyo viwili vikawa safari moja.

Usiishie kueleza, wafanyishe. Nunua uzi wa kuvulia samaki, ule mwembamba unaoonekana kama maji, unaouzwa kwa wavuvi wa Dunga, uufunge kutoka kwenye paa hadi kwenye mti, na upitishe nyuzi mbili zinazokwenda sambamba za kumtelezesha mwanasesere, kwa kuwa ukitumia uzi mmoja mwanasesere atageuka tumbo juu. Mvalishe joho la kitambaa chepesi, mwachie ateleze, na mmoja wa vijana apige video kwa simu akiwa amechuchumaa chini ili nyuma ya mwanasesere paonekane anga tupu. Kijana mmoja alipoitazama video yake alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kwa nini joho linapepea vizuri kuliko la filamu za siku hizi. Upepo wa ziwa ndio ulikuwa umelipepea.

Baada ya hapo waonyeshe kipande cha Superman ya mwaka 1948, ambapo Kirk Alyn anakimbia, anainama ili aruke, na papo hapo anageuka kuwa mchoro. Watengenezaji walishindwa kumpaisha kwa njia iliyowaridhisha, wakaamua kila anapopaa achorwe. Vijana watacheka, na waache wacheke, lakini wape daftari kuukuu kila mmoja achore mtu mdogo kwenye pembe ya kurasa 30 na kuzipeperusha kwa kidole gumba, ili waijue kazi iliyokuwa nyuma ya mchoro ule.

Jumamosi ya tatu ni ya Superman ya mwaka 1978, iliyoongozwa na Richard Donner. Christopher Reeve alining'inizwa mbele ya pazia lenye picha ya mawingu, na fundi Zoran Perisic akafunga lenzi ya kukuza picha kwenye projekta na nyingine kwenye kamera, zikawa zinakwenda pamoja. Kamera inapokuza, projekta inapunguza, hivyo mawingu hubaki na ukubwa uleule, lakini mtu aliyeko mbele hukua, nasi tunaamini anakuja kwetu. Maelezo haya hayaeleweki kwa maneno peke yake. Weka projekta nyuma ya shuka ikimulika picha ya mawingu, msimamishe kijana mbele ya shuka akiwa amenyoosha mikono, kisha mmoja asogeze projekta taratibu kulikaribia shuka huku mwingine akikuza picha kwa simu. Mara ya kwanza hawatakwenda sawa. Mara ya tano au ya sita chumba kizima kitapiga kelele. Filamu ile ilipewa Tuzo maalumu ya Oscar kwa ufundi huo, na kwa maoni yangu hakuna kompyuta iliyoupita kwa kumfanya mtazamaji aamini.

Miaka iliyofuata ipite kwa upesi: Batman ya Tim Burton ya mwaka 1989 iliyouleta mji wenye giza, Blade ya 1998 ambayo haifai watoto na yatosha kuisimulia, X-Men ya 2000, na Spider-Man ya 2002, ambamo mwili uliotengenezwa kwa kompyuta ulichukua nafasi ya waya mahali pengi. Tua kidogo kwenye suala la fedha, kwa sababu bila hilo vijana hawataelewa kwa nini filamu hizi zimekuwa nyingi hivyo. Marvel, kampuni ya majarida ya katuni yaliyowazaa Spider-Man na X-Men, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 1996, na katika miaka ile haki za filamu za mashujaa wake wakubwa zilikwenda kwa kampuni nyingine. Mwaka 2005 ikapata mkopo wa dola milioni 525 kwa kuweka haki za mashujaa 10 kuwa dhamana, jambo ambalo mtoto wa mkulima wa miwa wa Muhoroni huelewa haraka ukimwambia ni sawa na kuweka hati ya shamba rehani ukitegemea mavuno. Mavuno yalikuwa Iron Man, 2008, na mwaka uliofuata Disney ikatangaza kuinunua Marvel.

Jumamosi ya nne ni ya Black Panther ya mwaka 2018. Mhusika huyu, mfalme wa nchi ya kubuni ya Afrika, alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, na filamu yake ilikuwa ya kwanza ya mashujaa wa katuni kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora, ikashinda tatu nyingine, ikiwemo ya mavazi. Hapa Kisumu ina uzito wa pekee, kwani Lupita Nyong'o, aliyeigiza humo, ni binti wa gavana wetu, Anyang' Nyong'o. Wape vijana kazi ya kutafuta nywele, shanga na nguo wanazozifahamu. Wekundu wa walinzi wa mfalme uliotokana na Wamaasai huonwa upesi na kila mtu.

Kisha rudi kwa Lwanda Magere. Waamue ni picha sita zipi za katuni zitakazoisimulia hadithi yake, wazichore, na hatimaye wapige video ya picha ile ya mkuki unapokichoma kivuli. Waliowahi kuijaribu wamegundua ugumu ambao sikuwa nimeufikiria: Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na saa sita mchana kivuli hujikunja chini ya miguu kikawa hakichomeki. Pigeni picha hiyo kabla ya saa tatu asubuhi, Lwanda akiwa amelipa jua kisogo, ili kivuli chake kirefuke mbele yake hadi ulipo mkuki.