Kuukagua msimu wa besiboli wa 1871 kwa Excel, hatua kwa hatua

Ligi ya kwanza ya besiboli ya kulipwa nchini Marekani ilianza 1871. Timu tisa zilihesabiwa kwenye msimamo, ada ya kuwania ubingwa ikiwa dola 10 tu, na Athletics wa Philadelphia wakalichukua taji kwa kushinda mechi 21 na kupoteza 7. Naupenda msimu huu kwa mazoezi kwa sababu timu zote zinaenea kwenye skrini moja, na msimamo wake umeficha jambo ambalo hesabu ya dakika tano inalifichua.

Hatua ya 1: Pakua data

Tafuta hifadhidata ya Lahman ya takwimu za besiboli, ni ya bure. Fungua faili la Teams, chuja mwaka 1871, kisha bakiza safu wima za G (mechi), W (ushindi), L (kupoteza), R (mikimbio iliyofungwa) na RA (mikimbio iliyoruhusiwa). Mkimbio hupatikana mchezaji anapozunguka besi zote hadi nyumbani. Ndilo goli lao.

Hatua ya 2: Hakiki jumla

Jumlisha R: 2,659. Jumlisha RA: lazima ije 2,659 vilevile, maana mkimbio uliofungwa na huyu umeruhusiwa na yule. W na L ni 125 kila upande. G ni 254, yaani mechi 127, kwa hiyo mbili zilikuwa sare. Zikigoma kulingana, usiendelee. Kuna mstari umeuruka.

Hatua ya 3: Jua ulikuwa mchezo wa namna gani

Gawanya 2,659 kwa 127. Unapata karibu mikimbio 21 kwa mechi, timu zote mbili pamoja. Si ajabu: wachezaji walidaka kwa mikono mitupu, mrushaji alilazimika kurusha kwa mkono wa chini, na mpigaji aliruhusiwa kuagiza mpira wa juu au wa chini, atakavyo.

Tazama safu ya ER ya Boston, ambayo ni mikimbio anayobebeshwa mrushaji mwenyewe: 109 kati ya 303 walizoruhusu. Karibu theluthi mbili zilitokana na makosa ya wadakaji. Kwa hiyo mtu akikuletea rekodi ya mrushaji wa enzi hizo, uliza kwanza nani walikuwa nyuma yake.

Wapigaji nao walinganishe na wenzao wa mwaka uleule. Levi Meyerle wa Athletics alipata mipigo salama 64 katika zamu 130, sawa na 0.492. Ligi nzima ilikuwa 0.287. Gawa: 1.72. Hiyo 1.72 ndiyo ya kubeba, si 0.492.

Hatua ya 4: Kokotoa ushindi uliostahili

Tumia kanuni ya Bill James, mchambuzi wa takwimu za besiboli, inayokadiria ushindi kutokana na mikimbio. Kwenye safu mpya zidisha (W+L) kwa R²/(R²+RA²), halafu toa jibu kwenye W halisi.

Timu tano kati ya tisa, Boston wakiwemo, zinaangukia ndani ya ushindi mmoja. Cleveland wanatoka 10.1, nao walishinda 10. Athletics walistahili 18.7, kwa hiyo bahati kidogo ilikuwapo, ila bado wana uwiano bora kuliko wote.

Sasa shuka hadi Rockford. Walifunga 231, wakaruhusu 287. Kanuni inawapa ushindi 9.8, msimamo unawapa 4. Katika mechi 25, pengo la karibu sita si la kusingizia bahati mbaya. Nikiona namba kama hiyo naacha Excel na kwenda kusoma historia.

Jibu ni Scott Hastings. Alitoka Lone Stars ya New Orleans, na sheria ilimtaka mchezaji akae siku 60 kabla ya kuichezea timu mpya. Rockford hawakusubiri. Wapinzani wakakata rufaa, na ushindi kadhaa wa Rockford ukahamishiwa kwao. Mshabiki wa soka la kwetu hahitaji maelezo: ni ushindi wa mezani. W na L zilibadilishwa, mikimbio ya uwanjani ikabaki kama ilivyofungwa. Timu yenye kijana Adrian Anson, miaka 19, haikuwa mbovu kiasi hicho.

Hatua ya 5: Panga mechi kwa tarehe

Jumla za msimu hazina kalenda. Chukua orodha ya mechi za 1871 kutoka Retrosheet, tovuti ya kumbukumbu za mechi za besiboli, chuja Chicago, kisha piga mstari kwenye Oktoba 8. Usiku huo moto mkubwa uliuteketeza mji. Timu ilipoteza uwanja na jezi zake, ikamalizia msimu ugenini kwa jezi za kuazima. Zitenge mechi za kabla na za baada ya mstari huo kabla hujakokotoa wastani wowote wa Chicago. Ya mwisho ni ya Oktoba 30, Brooklyn: Athletics 4, Chicago 1.