Kusoma taroti: shika namba kwanza

Kama umewahi kucheza karata kwenye baraza hapa Mombasa, nusu ya taroti, zile karata za kutabiria, unayo tayari. Kopa, shupaza, uru na pau ni maneno tuliyoachiwa na Wareno: vikombe, panga, dhahabu na magongo. Ndizo jamii nne za taroti zilezile!

Basi usijitese kukariri karata zote 40 za namba, ree hadi kumi. Jua namba imebeba nini, kisha tazama imeangukia wapi. Kopa ni mambo ya moyo, shupaza ni fikra na maneno, uru ni mali na mwili, pau ni ari. Ree ni mbegu, mbili ni kuungana au kuchagua, nne ni kutulia, kumi ni mwisho wa safari.

Jifunzie kwa tano, ambapo ule utulivu wa nne unatikiswa. Zitandaze zote nne, za michoro ya msanii Pamela Colman Smith ya mwaka 1909. Kwenye pau, vijana watano wanagonganisha magongo. Kwenye uru, maskini wawili wanapita thelujini chini ya dirisha lenye mwanga. Kwenye shupaza, mmoja kabeba panga, wawili wanajiondokea wanyonge. Kwenye kopa, mtu wa joho jeusi kainamia vikombe vitatu vilivyomwagika. Mtikisiko ni uleule, kinachotikiswa ndicho tofauti. Na hiyo ya kopa naipenda mno: angalia nyuma ya mgongo wake, vikombe viwili bado vimesimama.