Amri ya Mwisho Haifungi Madai ya Mali: Mwongozo kwa Anayevunja Ndoa Uingereza

Mtu anayevunja ndoa nchini Uingereza hupokea kutoka mahakamani amri mbili kwa nyakati tofauti, ya kwanza ikiwa amri ya masharti na ya pili amri ya mwisho, na wengi wetu tukishaipata hiyo ya pili huihifadhi pamoja na pasipoti na vyeti vya shule tukiamini kwamba shauri limekwisha. Ndoa kweli huwa imekwisha. Madai ya fedha na mali kati ya wawili hao hubaki wazi, na yanaweza kubaki wazi kwa miaka mingi, mpaka mahakama itoe amri nyingine ya kuyafunga. Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya jambo hilo moja, na nitalirudia, kwa sababu nimeona jinsi watu wenye elimu na busara wanavyolipita bila kulitazama. Ninayoyaeleza ni ya England na Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao.

Mimi ni muuguzi. Ndoa yetu ilifungwa Tanga, ikasajiliwa kwa taratibu mnazozijua, na ilipovunjika tulikuwa tumeishi Uingereza kwa muda mrefu. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakatusikiliza kwa simu, kisha wakaandika karatasi: nyumba ya huku ibaki kwangu pamoja na deni lake la benki, kiwanja cha Tanga na gari viwe vyake, na kila mtu ashike njia yake. Tulitia saini na mashahidi wakatia saini. Ofisi iliyotujazia fomu za talaka kwa malipo ilituhakikishia kwamba baada ya amri ya mwisho hakuna kinachobaki. Miaka ikapita, mwenzangu akarudi nyumbani na kuoa, nami nikapanga maisha yangu kwa kuhesabu kwamba nilichonacho ni changu. Ndipo ilipofika barua ya wakili, iliyoandikwa kwa adabu kubwa, ikidai sehemu ya pensheni yangu ya hospitali.

Wakili niliyemwendea aliisoma karatasi ya wazee kwa makini, kisha akanieleza kwamba jaji angeitazama kama ushahidi wa tulichokusudia na pengine angeipa uzito, hasa kama kila mmoja wetu angekuwa amepata ushauri wa kisheria na kuonyeshwa mali zote za mwenzake kabla ya kutia saini, lakini haimfungi jaji, wala haiondoi haki ya mtu kudai. Nikamwambia kwamba mwenzangu ameshaoa, kwa kuwa ndugu walikuwa wamenipa moyo kwamba aliyeoa tena hana dai. Hapo nilijifunza jambo ambalo sijamsikia Mtanzania mwenzangu hata mmoja akilitaja. Sheria ya mwaka 1973 inayosimamia mambo haya kweli humzuia mtu aliyeoa au kuolewa tena asiombe mafungu ya fedha wala kuhamishiwa nyumba, endapo hakuwa amewasilisha ombi lake kabla ya ndoa mpya. Zuio hilo haliigusi amri ya kugawana pensheni. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kwake, na mlango wa pensheni ulikuwa wazi kabisa.

Shauri liliishia kwenye makubaliano kabla ya kusikilizwa kikamilifu, na sehemu ya pensheni yangu ikaenda kwake. Nataka nieleweke vizuri: simnyimi haki yake. Nilipokuwa zamu za usiku yeye ndiye aliyewaogesha watoto na kuwapeleka shule, na kazi hiyo ina thamani mbele ya sheria. Mahakama yetu ya Rufani ilitamka hivyo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, na huku Uingereza mabwana wa sheria, majaji wa ngazi ya juu kabisa wakati huo, wakaja kukataza mwaka 2000, katika shauri la White, kubagua kati ya anayelea nyumba na anayeleta mshahara. Kilichoniumiza ni kwamba hesabu hiyo, ambayo ingefanyika kwa amani tulipoachana, ilifanyika miaka mingi baadaye kupitia mawakili wanaolipwa kwa saa, na gharama zao zikatuumiza sote wawili.

Asiyeamini kwamba madai hukaa wazi muda mrefu kiasi hicho atazame shauri la Wyatt dhidi ya Vince. Wawili hao, Waingereza wenyewe, waliachana mwaka 1992 wakiwa hawana kitu. Mume baadaye akatajirika kwa biashara ya umeme wa upepo, na mwaka 2011 mke wa zamani akawasilisha dai. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema dai lake liendelee kusikilizwa, kwa kuwa hakuna ukomo wa muda uliowekwa na sheria, ingawa kuchelewa kungepunguza kiasi ambacho angeweza kupata. Mwishowe alilipwa pauni 300,000. Kwa hiyo usijifariji kwamba huna mali leo. Usiye na kitu leo ndiye unayehitaji zaidi amri ya kufunga madai, kwa sababu kila utakachokichuma kesho kitakuwa kinapatikana ndani ya madai yaliyo wazi.

Hatua za talaka yenyewe ni nyepesi. Ndoa iwe imetimiza mwaka 1. Ombi hujazwa kwenye mtandao na mmoja au na wawili pamoja. Ada ni pauni 612 tangu Aprili 2025, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba apunguziwe. Cheti cha ndoa kilichoandikwa kwa Kiswahili kitafsiriwe na tafsiri ithibitishwe. Tangu tarehe 6 Aprili 2022 hakuna anayeulizwa kosa la nani. Baada ya wiki 20 unaomba amri ya masharti, na baada ya wiki 6 na siku 1 nyingine unaweza kuomba amri ya mwisho.

Hapo kati, baada ya amri ya masharti na kabla ya ya mwisho, ndipo pa kusimama. Ukishakuwa na amri ya masharti unaweza kuipelekea mahakama makubaliano yenu ya mali ili jaji ayapitie na kuyafanya amri. Yanaandikwa kwa lugha ya kisheria, kwa hiyo mlipe wakili ayaandike hata kama mmekubaliana kila kitu. Yanaambatana na fomu D81 inayoeleza kwa ufupi mali, madeni na kipato cha kila mmoja. Ada yake mahakamani ni kama pauni 60. Hakikisha ndani yake mna kifungu kinachosema kwamba madai yote ya kila upande dhidi ya mwenzake yamefutwa, ya mtaji, ya mapato, ya nyumba, ya pensheni, na ya urithi mmoja akifariki. Soma neno pensheni kwa macho yako. Pensheni haigawanywi wala haiachwi salama kwa ahadi ya mdomo au kwa karatasi ya ukoo. Mfuko wa pensheni husikiliza amri ya mahakama peke yake.

Na kama hakuna dharura, usiombe amri ya mwisho kabla amri ya mali haijapigwa muhuri. Mwenzako akifariki katikati, mjane au mgane ana haki katika pensheni ya marehemu ambazo mtalaka hana. Vilevile, kama nyumba imeandikwa jina la mwenzako tu, unaweza kuandikisha bure kwenye daftari la ardhi haki yako ya kuishi humo, na haki hiyo kwa kawaida hukoma ndoa inapovunjwa rasmi. Kama nyumba mnaimiliki pamoja kwa namna ambayo mmoja akifa yote huenda kwa mwingine, omba umiliki huo utenganishwe mapema, kisha andika wosia mpya.

Sasa niseme na ndugu zetu wa nyumbani, kwa heshima yote, kwa sababu nia yao ni njema na madhara wanayoyaleta ni makubwa. Mjomba anayesema, "Usipeleke mambo ya ndani kortini, sisi tumeshayamaliza," anasema kwa uzoefu wa mahali ambapo neno la wazee lina uzito, na ambapo hata sheria yetu ya ndoa ya mwaka 1971 humtaka mtu apite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kwenda mahakamani. Huku hakuna baraza la namna hiyo. Kikao cha wazee ni kizuri, kiitisheni, kitawapunguzia uchungu na gharama. Kikiisha, mlichokubaliana kipelekeni kwa wakili kiwe amri. Mkikiacha kwenye karatasi ya wazee, mmeacha kila kitu wazi.

Shangazi anayeshauri kiwanja kiandikwe haraka jina la kaka yako ili kisionekane, naye anakutia shimoni. Kesi ya mali ikifunguliwa, kila mmoja hujaza fomu E akitaja chini ya tamko la ukweli mali zake zote duniani, ikiwemo nyumba ya Kigamboni isiyokwisha, hisa za chama cha akiba na mikopo, na pesa iliyomo kwenye simu, na huambatanisha taarifa za benki za miezi 12. Anayetuma nyumbani pesa nyingi kuliko kawaida yake katika kipindi hicho ataulizwa zilikwenda wapi, na jaji ana uwezo wa kuzuia na hata kutengua uhamisho uliofanywa ili kumkwepesha mwenzi haki yake. Jaji wa London hawezi kubadilisha hati ya ardhi iliyoko Dodoma kwa kalamu yake, lakini anaweza kukihesabu kiwanja hicho kuwa fungu lako na kumpa mwenzako sehemu kubwa zaidi ya kilichopo Uingereza. Tena aliyeficha hapumziki: katika mashauri ya Sharland na Gohil ya mwaka 2015, Mahakama ya Juu iliruhusu makubaliano yaliyokwisha kuwa amri yafunguliwe upya kwa sababu mume hakusema ukweli kuhusu mali zake. Kwa hiyo ufichaji huharibu hata ile amri ya kufunga madai unayoitafuta.

Kwa Waislamu wenzangu, talaka inayotamkwa au kuandikwa ukiwa hapa Uingereza ina hukumu yake katika dini, ila haivunji ndoa mbele ya sheria ya nchi hii. Talaka inayopatikana ndani ya Uingereza ni ile iliyotolewa na mahakama tu. Hata talaka inayotolewa kwa neno tupu nyumbani Tanzania haitambuliwi hapa ikiwa mmoja wenu alikuwa mkazi wa Uingereza kwa mwaka mzima uliotangulia. Na waliofunga nikahi tu hapa Uingereza, bila ndoa ya serikali, wajue kwamba mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya huku iliamua katika shauri la Akhter dhidi ya Khan kwamba sherehe ya namna hiyo si ndoa kisheria, kwa hiyo kwa mtalaka hakuna mlango wa kudai mali kwa njia ninayoieleza hapa.

Nimewaza sana kuhusu jamii hii inayotuhifadhi. Sheria yao haikuulizi nani alizini na nani alilewa, na katika hilo naiona huruma, kwa maana nimewahi kuwaona wanawake nyumbani wakilazimika kusimulia mambo ya chumbani mbele ya karani, mlinzi na wasikilizaji. Lakini watu walewale wasiouliza kuhusu aibu yako watauliza kuhusu kila pauni. Jirani hatagonga mlango, kazini hawatataja, mahakama yenyewe itakutumia barua pepe fupi ya kukuarifu kwamba ndoa imevunjika, na hakuna mtu atakayekukalisha chini akwambie, mwanangu, bado kuna jambo hili. Tangu Aprili 2013 msaada wa kisheria wa serikali katika mashauri ya ndoa umebaki hasa kwa waliofanyiwa ukatili na wana ushahidi. Mfumo huu unamchukulia kila mtu kuwa ameshajua haki zake, na hapo ndipo anapoumia mgeni, na Mwingereza maskini pia.

Watoto wana shauri lao peke yake, na nitataja jambo moja tu: usikubali ushauri wa "mlete mtoto huku kwa bibi." Kumtoa Uingereza mtoto aliye chini ya miaka 16 bila ridhaa ya mwenye mamlaka ya uzazi mwenzako ni kosa la jinai. Anayeishi kwa viza ya mwenzi naye aonane na mshauri wa uhamiaji kabla ya kuwasilisha ombi la talaka, kwa sababu muda wa viza unaweza kufupishwa hadi siku 60. Aliyekimbia ukatili ana njia yake maalumu ya kuomba ukaazi.

Mambo yakiisha, agiza nakala zilizothibitishwa za amri ya mwisho na za amri ya mali, na uulize ubalozi wetu London namna ya kuzihalalisha kabla ya kuzipeleka nyumbani, kwa sababu utazihitaji ukitaka kufunga ndoa nyingine au kushughulikia ardhi. Na wewe ambaye uliachana zamani, kafungue faili lako leo. Ukiikuta amri ya mwisho peke yake, mpelekee wakili aliyesajiliwa akuangalizie kama bado mnaweza kuomba amri ya makubaliano, maana inawezekana hata baada ya talaka, mradi mwenzako yuko tayari kutia saini. Mwendee wakati mnasalimiana vizuri.