Namna ya Kuitambua Maana ya "Pick Up" Kila Unapoisikia

Anayejifunza Kiingereza Nairobi hukutana na "pick up" kwenye simu, kwenye kituo cha matatu na hata dukani anakochukulia mzigo. Kamusi humwambia kwanza kwamba ni kuokota, na hilo ni kweli, ila halimfikishi mbali. Njia ya kutegemewa ni kuitazama yambwa, yaani kile kinachotendewa kitendo, kabla ya kutafuta tafsiri.

Yambwa ikiwa sarafu iliyoanguka sakafuni, ni kuokota. Ikiwa kifurushi kilichotumwa kwa basi kutoka Mombasa, ni kukichukua. Ikiwa mgeni anayesubiri uwanja wa ndege, ni kwenda kumleta kwa gari. Ikitajwa simu, ni kuipokea; yakitajwa mawimbi ya redio, ni kuyanasa; ikitajwa homa, ni kuambukizwa. Ikitajwa lugha, ni kuijua bila kufundishwa rasmi, jinsi mtoto wa Eastleigh anavyoweza kukipata Kisomali kwa kucheza na wenzake. Wakati mwingine mtendaji naye hutazamwa, kwa maana polisi wakimfanyia mtu hivyo, huenda wamemkamata, na mwanamume akimfanyia hivyo mwanamke asiyemjua kwenye baa, amemtongoza akakubaliwa.

Pasipokuwa na yambwa, na mtendaji akiwa biashara, upepo au mwendo, maana ni kuongezeka. Mwuzaji wa soko la Gikomba anayesema "business is picking up" haokoti chochote. Wateja wameanza kurudi.

Linalotaka uangalifu zaidi ni mazoea yetu ya kuiacha "up". Hapa mjini "pick me at Kencom" (kituo cha mabasi) na "she is not picking my calls" hueleweka bila shida, na sioni sababu ya kumkebehi anayesema hivyo kati ya Wakenya wenzake. Hata hivyo, kwa Mwingereza au Mmarekani, "pick" ikisimama peke yake kwa kawaida ni kuchagua au kuchuma, kwa hiyo katika mtihani au barua ya kazi ni heri "up" irudishwe.

Kiwakilishi hukaa katikati, "pick it up", kamwe si "pick up it", ilhali nomino hukubalika pande zote mbili: "pick up the parcel" au "pick the parcel up". Kitenzi huandikwa kwa maneno mawili. "Pickup" iliyounganishwa ni nomino, iwe ni shughuli ya kuchukua mzigo au lile gari tunaloliita pikapu.