Ukitaka wazazi wakusimulie maisha ya kambi ya mgodi, usiwaulize "yalikuwaje"

Swali baya kuliko yote ni hili: "Baba, hebu tuambie maisha ya mgodini yalikuwaje." Atakujibu kwamba yalikuwa magumu ila Mungu alisaidia, kisha ataulizia chai. Si kwamba hataki kusema. Umemuuliza kitu kisicho na mahali pa kushika.

Mimi nimekulia kambi ya mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, kule Kyela inapopakana na Ileje. Mgodi ulijengwa kwa msaada wa Wachina ukafunguliwa 1988, na baba alikuwa miongoni mwa vijana walioshuka chini miaka ile ya mwanzo. Sasa nakusanya masimulizi ya nyumba yetu kwa ajili ya watoto wetu, ambao kwao makaa ni yale ya kwenye gunia, ya kuchomea mahindi. Njia ninazoeleza hapa ndizo zilizonitolea maneno. Kama wewe ni wa Ngaka kule Mbinga, au wa mgodi wa dhahabu, badilisha tu majina.

Kabla ya kumgusa mzee yeyote, anza na ndugu zako. Mwambie kila mmoja achore ramani ya kambi kwenye karatasi, peke yake, halafu apige picha akutumie wewe. Asiitume kwenye grupu la familia. Ikiingia kule, wote watanakili ya kwanza, tena kaka mkubwa akishachora nani atambishia? Kaka yangu alichora kiwanja cha mpira kikameza nusu ya kambi, zahanati hakuiweka kabisa. Dada, aliyekuwa mchota maji, alichora bomba, kisha nyumba zote za njiani kwa mpangilio, pamoja na ile yenye mbwa. Ukiziweka ramani hizo pamoja unakuwa na maswali tele ambayo usingeyatunga mwenyewe. Nani alikaa nyumba ya mbwa? Kwa nini dada alipita nyuma ya kantini na si mbele?

Kisha nenda kwenye shifti. Kwenye nyumba ya mchimbaji, saa za ukutani hazikuwa na maana kubwa. Shifti ndiyo iliyoamua nani ale lini na nani anyamaze lini. Baba akiingia usiku, mchana ulikuwa wa kunong'ona. Kurusha jiwe juu ya bati wakati mtu wa usiku amelala lilikuwa kosa la kuchapwa na mama yeyote aliye karibu, si lazima wako. Kwa hiyo uliza hivi: "Wiki ya usiku, chakula cha baba kiliwekwa wapi? Sisi tulipelekwa kucheza wapi?" Jibu la kwanza litakuwa fupi. Nyamaza. Jibu la pili ndilo lenye nyama.

Kuna maswali ya vitu ambayo kwa mtu wa mgodini hayakosi kuzaa. Muulize namba yake. Kwenye migodi ya chini ya ardhi mtu huchukua taa na kuacha kibao chenye namba, ili juu wajue nani bado yuko chini. Baba anachanganya tarehe za kuzaliwa kwetu, ila namba yake anaitaja bila kufikiri. Muulize nani alimfundisha kazi, na walielewana kwa lugha gani, maana hapo Wachina wataingia kwenye hadithi kwa miguu yao wenyewe. Na muulize kuhusu kiberiti. Makaa ya mawe hutoa gesi ya methani inayoweza kulipuka, kwa hiyo sigara na kiberiti haviruhusiwi kushuka. Baba aliviacha dirishani, upande wa kushoto. Sisi watoto tukirudi shule tulitazama dirisha kwanza: kiberiti kipo, baba yuko chini, hakipo, yuko kambini, na kama una daftari lenye alama mbaya tafuta pa kulificha. Nilipomkumbusha dirisha lile alicheka hadi akakaa vizuri kitini, kisha akaongea mpaka mama akaja kuuliza kama hatuli.

Mama ndiye mgumu. Atasema, "Mimi sikuwa mgodini, muulize baba yako." Usibishane naye. Chukua kisu, kaa naye mmenye ndizi, au mchague mchele. Mikono ikiwa kazini mdomo haujilindi sana. Halafu ulizia nguo.

Kwetu kulikuwa na ndoo ya bati iliyokatika mpini, ya kulowekea ovaroli tu, na ole wako uichotee maji ya kunywa. Mama aligeuza mifuko nje, akakung'uta mishono kwa mgongo wa kisu, akaloweka usiku kucha. Maji ya kwanza, meusi tii, aliyamwaga mbali na mboga zake, ndipo akaanza na sabuni ya mche. Mvua za Kyela zikishika mwezi wa nne hakuna nguo inayokauka nje, kwa hiyo ovaroli ilitundikwa juu ya mafiga na baba akaenda kazini ananuka moshi wa kuni. Ndiyo, kuni. Makaa aliyochimba yalikwenda viwandani na kwenye mtambo wa umeme wa megawati 6 uliokuwa palepale mgodini. Jikoni kwetu tulipikia matawi tuliyookota wenyewe. Yeye alioga uani kabla hajaingia ndani, lakini kwenye kope vumbi lilibaki, utadhani amepaka wanja. Mdogo wangu kila alipomchora shuleni alizungushia macho peni nyeusi, na mwalimu akawa anadhani baba huvaa miwani.

Yote hayo, isipokuwa ya mwalimu, nimeyapata kwa kuulizia ndoo. Baada ya ndoo ulizia daftari la mkopo la dukani, na mwisho wa mwezi nani alifika kwanza mlangoni kudai. Hapo utagundua kambi ilikuwa na uchumi mwingine kabisa, wa mandazi, mchele na ndizi, na kwamba ulikuwa mikononi mwa akina mama. Kwa maoni yangu nusu nzima ya historia ya migodi yetu imelala huko, na haijaandikwa kwa sababu kila mtu ametumwa kwa baba.

Miaka usiwaulize kabisa. Wape tukio waseme kabla au baada. Mimi nina ngazi yangu: kifo cha Sokoine, Aprili 1984; Mwalimu kung'atuka, 1985; vyama vingi, 1992; kuzama kwa meli ya MV Bukoba, Mei 1996; mvua za El Nino, 1997 kuelekea 1998; msiba wa Mwalimu, Oktoba 1999. "Tulihamia nyumba ya pili kabla ya MV Bukoba?" Mama hujibu papo hapo. Ikishindikana, uliza ni mtoto gani alikuwa mgongoni wakati huo, halafu tafuta kadi ya kliniki. Karatasi za mshahara, kadi ya mfuko wa pensheni wa NPF au PPF, vyeti vya ubatizo, vyote vipige picha karibu na dirisha bila flashi. Picha za zamani andika majina nyuma kwa penseli, maana wino wa kalamu hupenya.

Kama babu yupo hai, usimruke. Rungwe na Kyela wanaume wengi wa rika lake walikwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini kwa Wenela (WNLA, shirika lililoajiri watu wa migodi ya huko), mpaka uajiri huo ulipositishwa baada ya uhuru. Kwetu habari hiyo ilieleza kwa nini bibi hakutaka kabisa mwanawe ashuke chini, jambo ambalo sisi tulidhani ni ukali tu.

Kurekodi kwenyewe si kazi kubwa. Simu iweke juu ya kanga iliyokunjwa, isipokee mtikisiko wa meza, na uiweke kwenye hali ya ndege isipigiwe. Epuka bati wakati wa mvua, hutasikia kitu. Ukimaliza, sema mwenyewe mwishoni tarehe, jina na mahali, kisha mtumie ndugu mmoja nakala siku hiyohiyo. Akichanganya Kindali au Kinyakyusa mwache achanganye; utatafuta maana baadaye kwa shangazi.

Kuna mambo mawili ya kwenda nayo polepole. Moja ni ajali. Kwenye kila mgodi kuna siku ambayo wazee hawaitaji, na hupaswi kuianzisha wewe, hasa mbele ya wajukuu. Akiifikia mwenyewe, usimkate kwa swali. Akisema "zima hiyo", zima kweli, aone. La pili ni kikohozi. Ukisikiliza rekodi ukakuta mzee anakohoa kila baada ya sentensi, acha historia kwanza, mpeleke hospitali, na umwambie daktari kwamba mgonjwa alifanya kazi kwenye makaa ya mawe na kwa muda gani. Madhara ya vumbi kwenye mapafu huweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi, na asipoulizwa kazi yake ya zamani, wengi hutibiwa kikohozi cha kawaida.

Ndugu wakipingana, usipige kura. Andika: "Kaka anasema mlango ulikuwa wa kijani, dada anasema haukuwa na rangi." Msomaji atavumilia.

Ukishaandika ukurasa mmoja tu, usingoje kitabu kiishe. Nenda kamsomee mwenyewe kwa sauti, na simu iwe inarekodi tangu unapofungua karatasi, kwa sababu hapo ndipo anapoamka. Baba alinisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye orodha ya wenzake wa shifti, akanyoosha mkono. "Huyo wa tatu mtoe. Huyo hakuwa wetu, alikuwa wa mchana, tena alikuwa na deni langu." Ikabidi nigeuze karatasi niandike upya upande wa pili.