Kisa cha wiki na kisa cha msimu: jinsi ninavyovipanga katika tamthilia

Aliyekosa sehemu ya wiki iliyopita kwa sababu ya msiba au umeme kukatika anastahili kukaa leo na kushiba. Aliyefuatilia tangu mwanzo naye anastahili kupata kitu ambacho mgeni hakioni. Nikiandika, nawawaza hao wawili. Wa kwanza nampa kisa cha wiki, kinachoanza na kuisha katika sehemu moja; wa pili nampa kisa cha msimu, yaani kisa kikuu kinachopita katika sehemu zote.

Tuseme tuna mkunga katika zahanati ya kijiji kimoja wilayani Pangani. Kila wiki anapokea mjamzito na mkasa wake. Kisa kikuu: mama wa mkunga alifariki katika chumba kile kile cha kujifungulia miaka 30 iliyopita, na jalada lake limetoweka.

Hatua ya 1. Andika mwisho wa kisa kikuu kwa sentensi moja. Nani alichukua jalada, na kwa nini? Kama hujui, usianze. Tazama The X-Files, tamthilia ya televisheni ya Marekani iliyoanza mwaka 1993. Siri yake kuu ya viumbe wa anga ilirefushwa msimu baada ya msimu hadi ikajifunga mafundo, ilhali visa vyake vya wiki moja moja vinatazamika mpaka leo. Kimojawapo, "Clyde Bruckman's Final Repose", kilipata tuzo ya Emmy ya uandishi mwaka 1996.

Hatua ya 2. Gawa msimu. Kwa sehemu 13, kisa kikuu nakipa tatu nzima: ya 1, ya 7 na ya 13. Nyingine zote ni za wajawazito.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Kisa cha wiki kiguse donda la kisa kikuu bila kulitaja. Binti ameshikwa na uchungu, na hataki mama yake mzazi aingie ndani. Mkunga anamlinda binti, lakini kila akipita mlangoni macho yanamwendea yule mama aliyeketi kwenye benchi na kanga yake mapajani. Jalada halijatajwa hata mara moja. Mgeni anaona mkunga mwenye huruma. Aliyefuatilia anajua mkunga angetoa nini ili naye awe na mama wa kumkataza mlangoni. Kisa kisichogusa donda hilo nakiweka kando, hata kiwe kitamu vipi.

Hatua ya 4. Sasa ongeza onyesho moja la kisa kikuu, yakizidi mawili. Lilete jambo moja jipya: saini, ufunguo, jina la daktari wa zamu. Usiliweke mwishoni kila wiki. Tamthilia yangu ya kwanza ilikufa hivyo: kila sehemu tuliikatia njiani, hakuna mkasa uliofika mwisho, na waliokosa wiki mbili hawakurudi tena.

Hatua ya 5. Mpe skripti ya sehemu ya 5 mtu ambaye hajasoma nne za mwanzo. Akiuliza "huyu ni nani?" zaidi ya mara moja, irekebishe.

Hatua ya 6. Acha nafasi. Gillian Anderson alipokuwa mjamzito mwaka 1994, waandishi wa The X-Files walimfanya mhusika wake, Scully, atekwe. Kutekwa huko kukawa mhimili wa kisa kikuu kwa miaka. Ndiyo maana kwenye ubao wangu kadi za sehemu ya 8 na ya 9 naziandika kwa penseli mpaka siku tunapoanza kurekodi.